Je, Mtoto wa Nyoka ni Nyoka?



Wapendwa taifa la Mungu, wiki mbili zilizopita, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja wa parokia yetu alitufuata ofisini akiwa amebeba kitu kilichofungwa ndani ya kitenge. Alipokifungua tuliona kitabu cha Kiingereza chenye jalada la kutisha. Alikuwa amekikuta chini ya godoro la mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 16. "Padre," alituambia, "Kiingereza changu ni kidogo, lakini habari ya wauaji nimeisoma pale juu. Naomba ukichome moto. Damu ya baba yake imeanza kumwita."

Ili tueleweke, baba wa kijana huyo anatumikia kifungo cha miaka 30 kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha. Tunayaeleza haya kwa ruhusa ya mama na ya kijana mwenyewe, nao ndio waliotuomba tuyaandike ili yawafae wengine. Wala hayakusemwa katika kitubio. Yalisemwa ofisini, na mengine chini ya mwembe nyuma ya kanisa.

Hatukukichoma kitabu kile. Tulikisoma siku tatu mfululizo, usiku baada ya sala, na leo tunapenda kuwashirikisha yale tuliyoyaona humo, pamoja na yale tuliyoyaona ndani yetu wenyewe.

Wengi wetu tuliokua tukisoma riwaya za Kiswahili twamkumbuka Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Katika riwaya za namna hiyo msomaji hukesha akitaka kujua adui ni nani na atanaswaje. Kitabu cha kijana wetu kina swali la namna nyingine. Kinaitwa I Hunt Killers, nacho kiliandikwa na Mmarekani Barry Lyga na kutolewa mwaka 2012, kikiwa cha kwanza kati ya vitatu. Mhusika wake mkuu ni Jasper Dent, ambaye rafiki zake humwita Jazz, kijana wa miaka 17 anayeishi na bibi yake mzaa baba katika mji mdogo wa kubuniwa. Baba yake, Billy, ameua watu zaidi ya 100 na yuko gerezani. Kabla ya kukamatwa, Billy alimlea mwanawe kama fundi anavyomlea mwanagenzi: alimfundisha jinsi ya kumsoma mtu udhaifu wake, jinsi ya kumdanganya, na jinsi ya kufuta nyayo baada ya tendo.

Mauaji mapya yanapotokea katika mji ule, Jazz anajua kwamba anaweza kuwasaidia polisi, kwa sababu anaijua akili ya mwuaji tangu utoto. Hapo ndipo linapozaliwa swali lake. Haulizi tu ni nani ametenda. Anajiuliza, je, na mimi siku moja nitatenda? Anapomtazama mtu, mafunzo ya baba yake huamka na kumwonyesha mahali pa kumshika. Ana kumbukumbu iliyokatikakatika ya kisu mkononi mwake, na hajui kama ni ndoto au ni jambo lililotukia. Kwa hiyo hujirudia kimoyomoyo, karibu kama sisi tunavyorudia Salamu Maria, kwamba watu ni watu kweli na wana thamani. Anajikumbusha jambo ambalo watoto wengine hulipata nyumbani bila hata kufundishwa.

Tulipofika hapo tulikiweka kitabu chini, tukaona aibu. Tulikuwa tumeogopa kwamba kijana wetu anajifunza ujambazi, kumbe alikuwa anatafuta mwenzake. Katika darasa zima, katika mtaa mzima, labda hakuwa amewahi kukutana na mtu mwenye hofu kama yake, akampata katika karatasi za kitabu kilichoandikwa ng'ambo.

Kitabu hicho kilitukumbusha kingine tulichokisoma tukiwa seminarini. Ni Brighton Rock, riwaya ya Graham Greene, Mwingereza aliyepokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1926. Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 1938, na mambo yake yanatukia Brighton, mji wa starehe ulio pwani ya kusini ya Uingereza. Kiongozi wa wahalifu ni kijana wa miaka 17, Pinkie Brown, Mkatoliki aliyebatizwa, aliyewahi kuimba katika kwaya na kusema kwamba atakuwa padri. Anamwua mtu, kisha anamwua mwenzake ili kuficha kifo cha kwanza, kisha anamwoa bomani Rose, msichana wa miaka 16, Mkatoliki kama yeye, ili asiweze kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mume wake.

Pinkie pia anaogopa kufanana na wazazi wake. Amekulia katika ufukara, katika chumba kilichobana ambamo mtoto aliyaona na kuyasikia yaliyo ya faragha ya baba na mama kila Jumamosi usiku. Akajiapiza kwamba maisha yale hayatakuwa yake. Lakini tazameni, wapendwa, hofu hiyo ilimpeleka wapi. Iligeuka kinyaa, kinyaa kikageuka chuki, na chuki ikamfanya awe kitu kibaya kuliko yote ambayo baba na mama yake walipata kuwa. Wazazi wake walikuwa maskini waliobanana chumbani. Mtoto wao akawa mwuaji.

Greene anaeleza jambo jingine ambalo tulilipita haraka tulipokuwa vijana. Pinkie alipoikimbia nyumba yao aliokotwa na Kite, kiongozi wa genge aliyetangulia. Kite alipouawa, kijana alijiona kama mwana aliyeachiwa urithi na baba, hata tabia zake ndogondogo akazichukua, kama ile ya kung'ata ukucha wa kidole gumba. Basi huyu aliyeogopa sana damu ya wazazi wake alifanana mwishowe na mtu ambaye hakuwa na undugu naye hata kidogo. Alifanana na yule aliyempokea.

Hapo, ndugu zangu, ndipo palipo na fundisho letu la leo. Jazz na Pinkie ni vijana wa rika moja, na wote wawili wameona nyumbani mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Jazz anao watu wanaomfahamu yeye ni mtoto wa nani na hawamkimbii: rafiki yake Howie, msichana wake Connie, na mkuu wa polisi aliyemkamata baba yake. Hawamwambii kwamba hakuna hatari, maana wanajua ipo. Wanabaki naye tu. Pinkie naye alikuwa na mmoja wa namna hiyo, Rose, aliyejua ametenda nini na bado akampenda. Lakini alimdharau kwa ajili ya upendo huohuo. Hofu peke yake haimwokoi mtu. Inahitaji mahali pa kwenda kusemwa.

Jina la riwaya ya Greene limetokana na pipi moja maarufu ya mji ule. Ni pipi ngumu, ndefu kama kifimbo, ambayo herufi za jina la mji zimepita ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho, hata ukiimung'unya namna gani, jina ni lilelile. Katika kitabu yupo mama mmoja mchangamfu, Ida Arnold, anayemfuatilia Pinkie ili sheria ichukue mkondo wake. Ida anamwambia Rose kwamba binadamu ni kama pipi ile: habadiliki, umng'ate mpaka mwisho utasoma neno lilelile. Rose, yule msichana ambaye hakuwa na elimu kubwa, anamjibu kwa kumtajia maungamo na toba.

Sisi Waswahili hatuna pipi hiyo, lakini tunayo methali yake. Tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Tunasema maji hufuata mkondo. Ni kweli kwamba methali za wahenga zina hekima nyingi, na mzazi mwenye kuzifuata hulea vizuri. Hata hivyo, hata taifa la Mungu la kale lilikuwa na methali iliyomchukiza Mungu. Katika sura ya 18 ya kitabu cha nabii Ezekieli tunasoma kwamba Waisraeli walikuwa wakisema habari ya zabibu kali zilizoliwa na wazazi, na uchungu wake ukabaki katika meno ya watoto. Mungu akawakataza kuisema tena. Kisha akawatolea mfano wa vizazi vitatu: baba mwenye haki, mwana mnyang'anyi na mmwaga damu, na mjukuu ambaye aliyaona yote aliyoyafanya baba yake, wala asiyafanye. Mjukuu huyo hakulelewa akiwa amefumba macho. Aliona, akatafakari, akakataa. Nabii hakumwita mtoto wa nyoka. Alisema huyo ataishi.

Kanisa limeifafanua imani hii kwa uangalifu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 405, yafundisha kwamba hata dhambi ya asili, tunayoirithi sote, haina sura ya kosa binafsi kwa mzawa yeyote wa Adamu. Na Mtaguso Mkuu wa Trento, katika mwaka 1546, ulifundisha kwamba ule mvuto wa dhambi unaobaki ndani ya mtu hata baada ya Ubatizo umeachwa kwa ajili ya mapambano, wala hauwezi kumdhuru asiyeukubali. Vijana wetu, lishikeni hili. Kujisikia hasira ya baba ikipanda kifuani si kupiga. Wazo likupitialo usiku si tendo. Kishawishi si dhambi mpaka hiari yako imekifungulia mlango, na ile hofu unayoisikia mara nyingi ni dhamiri iliyosimama mlangoni, haijalala.

Na kama mtu anadhani Maandiko Matakatifu hayakuwajua watoto wa wauaji, basi afungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 21 na ya 22. Mfalme Manase alimwaga damu nyingi isiyo na hatia. Mwanawe Amoni alifuata njia zake, akatawala miaka miwili tu, akauawa na watumishi wake ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliyeachwa ni mtoto wa miaka 8, Yosia. Ni nani kati yetu ambaye, kama angalikuwa jirani wa jumba lile, asingalitikisa kichwa na kusema, "Huyu naye tumngoje, tutamwona"? Lakini Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, katika sura ya 34, chasema kwamba katika mwaka wa 8 wa utawala wake, yaani akiwa na miaka 16, Yosia alianza kumtafuta Mungu wa Daudi, baba yake. Limeandikwa jina la Daudi. La Amoni halikuandikwa hapo. Kijana alipanda juu katika ukoo wake akajitafutia baba mwingine wa kufanana naye. Na Daudi mwenyewe ni nani? Ni yule aliyesababisha kifo cha Uria, kisha akalia na kutubu. Mathayo mwinjili aliwaandika wote, Daudi, Manase, Amoni na Yosia, katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo, wala hakuwaficha walioua.

Hatusemi kwamba mtoto harithi kitu. Mtakatifu Kamilo wa Lellis, aliyezaliwa Italia mwaka 1550, alikuwa mtoto wa mwanajeshi mcheza kamari, naye akawa mwanajeshi mcheza kamari, mpaka akapoteza kila alichokuwa nacho. Alipoongoka mwaka 1575 hakugeuzwa kuwa mtoto wa mtu mwingine. Ukali wa kijeshi na ujasiri wa kusimama mahali pa hatari alibaki nao, akavipeleka wodini kwa wagonjwa walioachwa na wote, akaanzisha shirika la kuwahudumia. Neema haikumng'oa katika mti wake. Ilimfanya azae matunda mengine.

Sasa inatupasa kukiri kosa letu. Mwaka jana, katika mahubiri ya Dominika moja kuhusu malezi, sisi paroko wenu tulitamka mbele ya altare kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Tulitaka kuwaamsha wazazi. Watu walicheka, nasi tukafurahi kwamba wamecheka. Mtumishi mmoja wa altare, aliyekuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu akishika chetezo, hakucheka. Jumapili iliyofuata hakuja kutumikia, wala iliyofuata, nasi tukasema ni mambo ya ujana. Alikuwa yeye, kijana wa kitabu hiki. Tumemwomba radhi ana kwa ana, na leo tunamwomba radhi mbele yenu ninyi mliosikia.

Tulipokaa naye chini ya mwembe hakusema lolote kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Padre, mimi nacheka kama yeye. Mama akinisikia nacheka, ananyamaza." Akatueleza kwamba kwa sababu hiyo ameacha kucheka nyumbani. Wapendwa, tumekuwa padri kwa miaka mingi na tumesikia habari nzito kuliko hiyo, lakini hiyo ilitushinda. Mtoto ameogopa kosa la baba yake mpaka akatupa na kicheko cha baba yake, kana kwamba hicho nacho kilihukumiwa mahakamani.

Tulimsimulia mwisho wa Brighton Rock, maana hakuwa amekisoma. Pinkie anakufa baada ya tindikali yake mwenyewe kummwagikia usoni na kuporomoka kwenye jabali kando ya bahari. Rose anakwenda kwa padri mzee mwenye mafua, na padri huyo hamhukumu. Anamweleza juu ya huruma ya Mungu, ambayo akili zetu haziwezi kuipima. Rose anadokeza kwamba huenda ana mimba. Yule mzee anamwambia kwamba mtoto huyo anaweza kulelewa awe mtakatifu, amwombee baba yake. Mwandishi hakutupa mwisho mtamu: Rose anatoka pale kwenda kuisikiliza santuri ambayo mume wake alimrekodia sauti yake, naye hajui kwamba ndani yake mna maneno ya chuki. Hata hivyo neno la yule padri limekwisha kusemwa. Mtoto wa mwuaji, ambaye bado hajazaliwa, amepewa kazi: kumwombea baba yake.

Kijana aliuliza, "Kumwombea tu?" Tukamjibu kwamba kumwombea ni mwanzo. Akanyamaza tena, kisha akauliza kama tunaweza kufuatana naye gerezani. Hajamwona baba yake kwa miaka 4. Tumekubali, na Mungu akipenda tutakwenda mwezi ujao. Hatujui baba na mwana wataambiana nini, na hatutaki kujifanya kwamba tunajua. Tunaomba sala zenu.

Kwenu wazazi tunasema: mtoto wako akikosea, mkosoe kwa kosa lake yeye. Usimwambie, "Wewe ni baba yako mtupu." Maneno hayo ni santuri, mtoto ataisikiliza maisha yake yote. Kwenu jumuiya ndogondogo tunasema: katika kila mtaa yupo mtoto ambaye baba yake au mama yake ametajwa vibaya. Mpeni kazi ya kusoma somo, mpeni ufunguo wa kigango, mkaribisheni mezani, maana tumeona kwa Pinkie kwamba aliyefukuzwa na methali zetu hatakosa Kite wa kumpokea. Kwenu wasimamizi wa Ubatizo na wa Kipaimara tunasema: mlikubali kuwa wazazi wa roho. Siku ya kazi yenu imefika.

Na wewe kijana unayejiogopa, njoo useme. Mlango wa ofisi uko wazi kila jioni baada ya masifu, na kitubio kipo Jumamosi alasiri.

Kitabu tumemrudishia mwenyewe, kwa ridhaa ya mama yake. Mama naye tulimweleza habari ya kicheko. Alilia, akafunga kitenge chake, akasema kwamba kicheko kile ndicho kilichomfanya ampende mume wake zamani, kabla ya hayo mengine yote. Tulimwomba aende akamwambie mwanawe maneno hayohayo. Juzi alitueleza kwamba amemwambia.

Mwenyezi Mungu, Baba wa wote, atubariki sisi na watoto wetu. Amina.

Paroko wenu